Hodi Mara Tatu

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimevumbua jambo. Nikifa usiku huu, waniandikie kaburini: hatimaye alilala.

Shida ni hii. Watu wa nchi hii hawajui kuchelewa. Darasa langu la Kiswahili linaanza saa kumi na mbili jioni, wao saa kumi na moja na nusu washafika. Hawakohoi, hawabishi. Wanasukuma mlango tu! Wiki iliyopita wamenikuta nachapa usingizi juu ya meza mbili nilizoziunganisha, viatu pembeni, soksi ya kushoto ina tundu. Yule bibi mstaafu anayeandika kila ninachosema kwa wino wa kijani (mimi namwita Bi Wino) akaniuliza kile kinaitwaje. Nikamwambia: tundu. Akaandika.

Basi leo nimewafundisha hodi. Nimewaambia kwetu mtu haingii popote mpaka apige hodi na asikie karibu. Ukipiga mara tatu kimya, geuka uende zako bila kinyongo. Kusukuma mlango ni fedheha. Kuchungulia ni fedheha maradufu, na ukishaondoka usithubutu hata kugeuka nyuma. Sikudanganya! Nimetia chumvi tu, tena kidogo.

Wameipenda ajabu. Fundi bomba, jitu la watu, mpole mno, alitoka nje akapiga hodi sita mfululizo kwa raha zake. Bi Wino akamkaripia kwamba ni tatu, asiharibu lugha ya watu. Wote saba wakawa wanatoka na kuingia, wanatoka na kuingia, hodi, karibu, hodi, karibuni, mpaka kipindi kikaisha. Sikufundisha kitu kingine. Kuanzia kesho usingizi wangu una mlinzi.

Furaha yangu imetiwa mchanga na Filimbi. Filimbi ni mzee wa chumba cha pili anayefundisha watu kupuliza filimbi. Ukuta baina yetu ni mwembamba. Nikipiga chafya, yeye ananiombea afya. Amenisimamisha koridoni na lile tabasamu lake. Akataka kujua wanafunzi wangu walikuwa wakiita nini jioni nzima, na mimi nikijibu nini. Nikamweleza. Akaondoka anajisemea karibuni, karibuni, karibuni.

Mtu huyu ana lake jambo. Hakuna anayetabasamu hivyo bure.

Jumanne, 4 Novemba

Balaa!

Mkuu wa chuo ametuita mimi na Filimbi. Eti chuo kimebana, vyumba havitoshi, muhula ujao litabaki darasa moja tu kati ya haya yetu mawili. Alhamisi jioni anakuja mkaguzi kuona ni lipi lina uhai. Nikauliza lisilo na uhai linafanywaje. Mkuu akasema linafungwa. Nikauliza na mwalimu wake je. Mkuu akaanza kupanga kalamu zake.

Nimeelewa. Darasa likifungwa, kibali changu cha kukaa hapa kwishnei, na mimi narudi nyumbani na sanduku langu.

Nyumbani! Shangazi ameshatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni Profesa. Naapa sikumwambia mimi. Nilimwambia tu kwamba naongoza Idara ya Kiswahili, na hilo ni kweli, maana idara nzima ni mimi. Mengine kayapika mwenyewe. Leo kapiga simu kunipasha habari: mwenye duka siku hizi akimwona anamtolea kiti, anamwambia keti hapa mama wa Profesa. Anakwenda dukani hata kama hana cha kununua. Anakwenda kukaa.

Miguu yote imemvimba, shangazi yangu, na ndiye aliyenilea. Nikirudi, kile kiti anakikosa. Nikakata simu.

Nikajikaza. Nikapiga hesabu: mimi nina saba, Filimbi ana watano. Naongoza! Ila sitaki kubahatisha. Huyu mzee nitamzima kabisa. Alhamisi darasa langu litaimba. Wimbo nimeutunga mwenyewe ndani ya basi, tena kwa sauti, na abiria wawili wamehama viti.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi. Wimbo unaitwa Mtu Watu. Maneno yake: mtu watu, mti miti, kiti viti, jicho macho. Hapo kwenye jicho macho unapaza kwa nguvu zako zote. Ni utunzi wa hali ya juu.

Shabaha haikuwa ngeli. Shabaha ilikuwa ule ukuta. Nilitaka wale watano wa upande wa pili wavurugike, wakate tamaa, wakatafute kozi ya kufuma. Tukaanza kwa nguvu. Fundi bomba anaimba jicho majicho, nikamwacha, maana ana kifua. Filimbi zikapanda. Nikawaambia wangu waongeze. Filimbi zikapanda tena. Nikapanda mimi juu ya kiti, naelekeza mdomo ukutani, napaza jicho machooo!

Mara nasikia, ala! Hawashindani nasi. Wanatupigia! Mzee ameudaka mdundo wa wimbo wangu, anatuongoza, na pale tunapokosea anatusubiri. Wanafunzi wangu wamefurahi mpaka wanapiga makofi kuelekea ukutani. Hasira zikanipanda. Nikapaza ile jicho macho ya mwisho, ya kumkomesha, na kitu kikakatika kooni. Kwaru.

Tangu hapo nanong'ona tu.

Filimbi kaja baadaye na kikombe. Tangawizi, asali, ndimu. Kasema ninywe chote kingali na moto wake, kesho nitaamka naimba. Thubutu! Kesho tunapambana, leo aniletee dawa? Nimemshukuru kwa kichwa. Alipogeuka tu nikaimwaga yote kwenye chungu cha ua dirishani.

Hanipati ng'o.

Alhamisi, 6 Novemba

Sauti zii. Hata ule mnong'ono umeondoka. Lile ua, lililokuwa limenyauka tangu nifike chuoni, leo limesimama wima na limetoa chipukizi.

Sikuhofu. Nilijiambia mwalimu mwenye heshima haongei, anakaa. Watakuja, wataingia, wataimba, mimi nitatikisa kichwa kwa busara, mkaguzi atahesabu saba, basi. Nikafika mapema. Nikashona bango la kitambaa, herufi nyekundu, kubwa kuliko kichwa changu: KARIBUNI. Nikaweka kiti juu ya meza, nikapanda kulitundika.

Niko huko juu, kamba mdomoni, ncha moja ya bango mkononi na nyingine imenizunguka shingo, nasikia nyayo. Hao! Wote saba. Wakajipanga mlangoni. Wakaita kwa pamoja, Kiswahili safi, mpaka mwili ukanisisimka kwa fahari.

"Hodi!"

Nikafungua mdomo. Upepo.

Mungu wangu.

"Hodi!"

Nikapuliza. Nikapiga miluzi, mate yakatoka. Nikapiga teke ukuta, tii, tii, tii. Nikamsikia fundi bomba akiwaeleza wenzake kwamba hayo ni maji yamepiga hewa kwenye bomba, si kitu cha kutisha. Nikajaribu kushuka. Kamba ikanikaba, kiti kikayumba, nikang'ang'ania taa. Nimening'inia na neno lenyewe shingoni, limeandikwa kwa herufi nyekundu, na mlango umefungwa!

"Hodi!"

Ile taa inalia nyii, nyii.

Nje wakaanza kunong'onezana. Fundi bomba akasema achungulie kidogo tu, huenda mwalimu anaumwa. Bi Wino akamjia juu. Akamwambia kama anataka kufedheheka ajifedheheshe peke yake, hayupo ndiyo hayupo, twendeni, bila kinyongo. Wote wakaitikia bila kinyongo. Nikasikia nyayo zinaondoka kwa adabu kabisa, na hakuna aliyegeuka. Mwalimu gani amewahi kufuatwa neno kwa neno namna hii!

Na hapo, kutoka chumba cha pili, sauti ya kizee, tamu, yenye lafudhi mbovu:

"Karibuni! Karibuni ndani!"

Wakaingia. Wote saba!

Nilianguka juu ya meza, meza juu ya kiti, sijui. Mlango ukasukumwa. Mkaguzi: mama mrefu, koti la kijivu, uso usiocheka. Huyo hakupiga hodi. Akanikuta sakafuni nimefungwa bango. Akauliza wanafunzi wangu wako wapi. Nikaonyesha ukuta kwa kidole. Akaandika kitu kirefu, akatoka.

Nikabandika sikio ukutani. Nikamsikia anasukuma mlango wa Filimbi. Nikasikia watu wote, wangu na wa Filimbi, wanaguta kwa mshtuko. Kisha nikamsikia Bi Wino akimwambia mkaguzi wa serikali, kwa upole, kwamba atoke nje aanze upya.

Roho ikanipaa. Nikafumba macho. Mlango ukafungwa. Halafu koridoni, sauti nzito, yenye aibu kidogo, ikasema hodi. Ikarudia hodi. Mle ndani watu kumi na watatu wakalipuka wakiitikia karibu, mpaka chokaa ikanimwagikia. Kisha filimbi, kisha mtu watu, mti miti.

Sikusubiri jicho macho. Nimekuja nyumbani kufunga sanduku. Nimejaribu kufikiria nitamwambiaje shangazi, nikashindwa, nikalia. Hata kilio hakitoi sauti.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkuu kaniita asubuhi. Nimekwenda nimevaa suti, mtu aondoke kiungwana.

Hakuna darasa lililofungwa! Ninarudia: hakuna! Madarasa yote mawili yanabaki. Mkaguzi ameandika kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona somo lililoruka ukuta likashika darasa la jirani. Tena amemwambia Mkuu pembeni kwamba kila anakokwenda watu humwona mlangoni wakanywea, na jana ndiyo mara ya kwanza ameingia mahali pa kazi akashangiliwa.

Nikaandika kwenye karatasi: na mimi niliyekutwa sakafuni je? Mkuu akacheka. Akasema Filimbi ameshaeleza kila kitu. Amemwambia mkaguzi kwamba ule ulikuwa mpango wangu: nilinyamaza kwa makusudi, niwaachie wanafunzi waitumie lugha wenyewe bila kunitegemea. Mkaguzi ameliita hilo ufundi wa hali ya juu.

Mzee yule kanisitiri. Nikatoka moja kwa moja kwenda kumshukuru, nikafika mlangoni kwake, nikainua mkono kugonga, nikakumbuka. Ni lazima nipige hodi, na sauti sina. Nikasimama hapo kama mfagio. Ndani wanacheka. Nikarudi.

Njiani akili ikanirudia. Kwa nini anitetee? Chumba chake kina dirisha moja. Changu mawili, na sasa moja lina ua linalochanua.

Ahaa! Anataka chumba changu.

Jumapili, 9 Novemba

Sauti imerudi, ya kukwaruza lakini yangu. Nimempigia shangazi kumwambia nimeongezewa muhula. Ametoa kigelegele mpaka simu ikajizima. Alipopiga tena nikawa Profesa Mkuu. Kwenye kiti dukani sasa atadai na mto.

Baada ya hapo nikajipa mapumziko. Fulana, bukta, pakiti nzima ya biskuti kitandani. Mdomo umejaa, nasikia mlangoni:

"Hodi!"

Filimbi! Kanifuata mpaka nyumbani, siku ya mapumziko, kwa ajili ya dirisha! Nikatulia tuli. Biskuti sikutafuna, nikaiacha ilainike yenyewe.

"Hodi!"

Nilisikia na sauti nyingine nyuma yake, nikadhani ni televisheni ya jirani.

"Hodi!"

Subiri sana, mzee. Nikamsikia akisema hayupo, bila kinyongo. Nyayo zikashuka ngazi. Nyayo nyingi kidogo kwa mzee mmoja. Nilicheka mpaka makombo yakanipalia. Mtego wangu unanasa hata waliojifunzia ukutani!

Nikaenda dirishani kumwona akiondoka mikono mitupu.

Hakuwa mikono mitupu. Yeye na fundi bomba walibeba keki kwenye ubao, keki ya ghorofa mbili, imeandikwa kwa sukari ya kijani HONGERA MWALIMU. Sukari ya kijani! Nyuma Bi Wino na vikombe, darasa langu, darasa lake, Mkuu na kreti la soda, na mkaguzi, yule yule, kashika sahani na anacheka. Wanatembea kwa mstari. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nikafungua dirisha, nikaita karibuni kwa nguvu zangu zote. Imetoka ka, mengine yakabaki kooni. Kwaru. Nikavuta suruali nikimbie, nikakumbuka kwamba nikitokea sasa watajua nilikuwemo ndani. Nikakaa. Kutoka bustanini, pale kwenye kona, nikaanza kusikia filimbi, na mtu watu, mti miti, na vijiko.

Kosa nimeligundua. Somo langu lilikuwa na pengo. Kesho nitaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: ukipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, unaondoka bila kinyongo, lakini keki unaiacha mlangoni.