Sauti ya Shangazi Elisifa na Programu ya Mwavuli

Jumatatu, 15 Desemba 2025
Baba mkubwa Ezra, mwenyekiti wa ukoo, kapiga simu kutoka Old Moshi. Anauliza kama sauti ya marehemu Shangazi Elisifa iko salama. Tarehe 27, watu wakisharudi nyumbani kwa Krismasi, isikilizwe kikaoni. Nimemjibu iko salama kuliko mimi mwenyewe. Ni saa mbili nzima za Shangazi akitaja vizazi saba: nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Hakuna aliye hai anayeyajua hayo. Simu niliyorekodia imeibiwa. Sauti imebaki kwenye kompyuta yangu tu, hapa Soweto, Moshi mjini, hii inayozima yenyewe jua likiwa kali. Nimekata simu natokwa jasho.

Jumanne, 16 Desemba
Nimetafuta programu ya bakapu. Ya bure! Ambrosi, mtoto wa baba mdogo, mwalimu, kihamba chake kimepakana na changu, kanishauri bila kuombwa: weka nakala sehemu mbili, kisha uzifungue usikilize. Nifundishwe na Ambrosi? Nimeshusha programu tano. Moja ilitaka barua pepe yangu. Mbili sikuzielewa. Ya nne iligoma. Ya tano ina alama ya mwavuli wa kijani. Nimechukua ya mwavuli. Ikaniuliza: ihifadhi tu, au iwe “mfanano kamili,” kilichopo huku kiwepo kule, kikifutwa huku kifutwe na kule? Nimechagua mfanano kamili. Neno “kamili” limenikaa vizuri.

Alhamisi, 18 Desemba
Bakapu imeingia kwenye diski ya nje! Nimempigia Ambrosi kumtambia. Kauliza kama nimeifungua nikasikiliza. Wivu huo.

Jumamosi, 20 Desemba
Kompyuta imejaa. Mke wangu Zita anataka kuweka video ya harusi ya mdogo wake, Pamela. Nikafikiri kwa kina. Sauti ya Shangazi iko kwenye bakapu, ya nini tena kukaa na kwenye kompyuta? Nimeifuta. Nikamwaga na pipa la taka. Mwavuli ukazunguka kidogo, ukaandika kwamba pande zote sasa ziko sawa. Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumapili, 21 Desemba
Baada ya ibada nikataka kumsikia Shangazi kidogo. Nimefungua diski ya nje. Hamna! Nimeichomoa, nikaichomeka tena. Hamna! Mfanano kamili. Nilipofuta huku, mwavuli ukafuta na kule, kama nilivyouagiza.
Zita kauliza kama nimepokea habari za msiba. Nikasema ndiyo, aina fulani.
Naona aibu hata kuandika. Shangazi alizungumza zile saa mbili huku anakohoa, kanishika mkono. Akaniambia nisimpoteze.

Jumatatu, 22 Desemba
Zita kaniungamia. Siku ya matanga ya Shangazi, Ambrosi aliomba nakala, nami nilimnyima mbele za watu, nikamwita mwalimu wa kudokoa. Zita kaona haya kwa niaba yangu, akamwekea kwenye flashi kwa siri. Nimetaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.
Kwa hiyo flashi ipo. Lakini atanipaje, baada ya yale matusi? Nimepata mpango. Jani la isale, ule mmea tunaopanda kuwa alama ya mpaka! Kwetu ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama roho inakuuma. Kesho napanda mlimani, Old Moshi.

Jumanne, 23 Desemba
Siku mbaya kuliko zote.
Isale la karibu ni lile la mpakani, kati yangu na Ambrosi. Nikavuta jani. Likagoma. Nikavuta kwa hasira. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Isale zima likang'oka, na mizizi yake, nami nikaangukia upande wa Ambrosi, nimelikumbatia. Nainua macho: Ambrosi, kabeba majani ya ng'ombe. Nyuma yake Baba mkubwa Ezra.
Nikatoa shikamoo nikiwa chini. Haikuitikiwa. Baba mkubwa akauliza nimeanza lini kuhamisha mipaka. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akauliza msamaha wa mpaka au wa kingine. Nikasema wa vyote. Hicho kingine sikupanga akisikie! Ikabidi niseme yote: mwavuli, pipa la taka, hata yale ya matanga. Nimelia kama mtoto, mtu wa miaka hamsini na mbili.
Ambrosi alichuma jani mwenyewe kwenye lile isale, maana mimi nilikuwa bado nimelikumbatia, akalishika, akasema amepokea. Kisha nikalipanda isale upya kwa vidole, Baba mkubwa kasimama juu yangu na fimbo, akipima mpaka.
Ambrosi kaleta flashi. Kasema yeye hana kompyuta, hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani, nikifika nyumbani niinakili kabla hata ya kunywa chai. Nikaahidi.

Jumamosi, 27 Desemba
Kikao. Sauti imechezwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Watu wamelia. Baba mkubwa kanitazama, kisha akamshukuru mbele ya ukoo “aliyeitunza sauti hii.” Hakutaja jina. Makofi. Nikasimama mimi. Ambrosi kainamia kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Uso umeniwaka kwa aibu. Nilikaa makofi yalipokwisha.

Jumapili, 28 Desemba
Nimetafakari sana, nimegundua kosa. Kosa ni ule mwavuli! Nimeufuta. Nimepata programu nyingine, ya bure pia, ina alama ya kufuli. Hii ni makini, ilinionya mara tatu kwamba ili iiandae flashi kwa bakapu, kila kilichomo kitafutwa. Nimebonyeza Ndiyo mara tatu. Imemaliza kwa sekunde kumi.
Flashi sasa ni safi kabisa, tayari kwa kazi. Kesho nikishakunywa chai natoa sauti ya Shangazi kwenye flashi, naiweka kwenye kompyuta.