Fungate na Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika! Mimi na Mume Wangu (kwa herufi kubwa; ni haki yangu, ndoa ina siku kumi na moja). Mji uleule wa chuo. Kuta zilezile za mawe. Mtu anafanya mazoezi ya tarumbeta ghorofani na kukosea palepale. Picha za wanafunzi wa sanaa zimeanikwa uani kama nguo. Miaka mitatu nilikaa dirishani kwenye duka la fotokopi, mkabala na lango. Yeye alikuwa mwanafunzi wa maigizo, mfuko wa shati umelowa wino. Moyo wangu!

Jumamosi kundi lao la zamani linarudia igizo lao la mwaka wa mwisho. Mume Wangu ni Mfalme. Malkia ni yule dada ambaye hata nje ya jukwaa wanamwita Malkia. Siku hizi anafundisha hapohapo chuoni. Akanikumbatia langoni: "Wifi yangu jamani, karibu!" Wifi? Tangu lini? Kisha wakaanza: unakumbuka hiki, unakumbuka kile. Nimehesabu "unakumbuka" ishirini na sita. Mimi simo hata katika moja. Na nilikuwa ng'ambo ya barabara tu! Nataka kuwamo. Hata moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu wao wa maigizo (amestaafu, sauti haijastaafu) katangaza kwamba kesho wanaanzia ukurasa wa kumi na nne, wa kukumbatiana. Nikapaliwa na chai.

Umebaki mswada mmoja tu, wa njano, namba za kurasa zimefifia. Rafiki anayeigiza Mlinzi akasema, si shemeji ndiye bingwa wa kopi? Shemeji akakubali upesi mno.

Duka lipo! Bosi wangu yupo, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniachia mashine. Lile joto la karatasi mkononi! Nikalia kidogo. Nikajifuta, nikahesabu kama tulivyozoea dukani, jalada likiwa la kwanza, nikachomoa karatasi ya kumi na nne. Nakala sita. Pini. Safi. Karatasi iko mkobani. Mswada nao nimebaki nao, "kwa usalama". Hakuna kukumbatiana! Mimi ni hatari.

Ijumaa, 8 Agosti

Maafa. Watu wa maigizo hawahesabu jalada. Nilichochomoa ni ukurasa wa kumi na tatu: Malkia anagundua uongo wa Mfalme, anamtukana, anamzaba kofi. Sasa wanapeana maua ukurasa wa kumi na mbili, kisha moja kwa moja kifuani!

Malkia akasema anakumbuka hapa palikuwa na kofi. Mume Wangu akasema yeye hakumbuki kofi lolote, huku anashika shavu. Mwalimu akaamua kwamba kilichoandikwa ndicho hicho. Dakika zilizopungua wazijaze kwa kukumbatiana polepole. Polepole! Wamerudia mara tano.

Ningesema ukweli. Lakini nikawaza watakavyonikumbuka: yule mke mwizi wa karatasi. Nikaisukuma karatasi chini kabisa ya mkoba.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tisa alasiri ukumbi umefurika. Wote waliosoma hapa wanalijua igizo. Walipofika pale, kelele: "Kofi! Kofi liko wapi?" Kwa kukosa la kufanya Malkia akamkumbatia Mume Wangu. Kelele zikazidi. Akamkumbatia tena. Alipofungua mikono mara ya tatu, nilikuwa jukwaani na ukurasa mkononi. Nilipandaje? Sijui. Nikapiga goti, nikasema la kwanza lililonijia: "Malkia, barua yako."

Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena, kwa sauti, tusi baada ya tusi. Halafu kofi. Watu wakasimama wakipiga makofi yao. Mume Wangu ana alama za vidole vinne.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekiri yote huku namkanda shavu. Kacheka mpaka kitanda kikalia. Kasema zamani Malkia ndiye aliyekuwa akimsukuma avuke barabara kuja dukani, akatoe kopi za karatasi ambazo hakuna aliyezihitaji. Kumbe! Wifi wa kweli kabisa. Nimemsingizia moyoni siku nne.

Wakati wa chai Mlinzi akaanza: unakumbuka shemeji alivyopiga goti jana? Nimo! Nimo! Nikalia, machozi yakadondokea kikombeni.

Nimejifunza. Sitachomoa tena ukurasa wa mtu.

Malkia kasema mwakani wakirudia igizo barua ibaki, na Mjumbe wa kuileta awe wifi yake. Nikausoma mswada wote, mara mbili. Mjumbe hamo; ana sentensi yangu moja tu ya jana. Malkia ana kurasa kumi na tisa. Gari letu linaondoka kesho saa sita, na Bosi anafungua duka saa mbili. Ana kompyuta ya kuchapia. Mjumbe huyu ana mengi ya kumwambia Mfalme. Kurasa nne mpya zitatosha. Katika ukurasa wa mwisho, Malkia anasafiri kwenda mbali sana.