Kachori Analala Nje

Jumamosi, 17 Januari

Mzee Noordin kaingia hospitali kubadilishwa nyonga. Mbwa wake kaletwa kwangu. Nimeshinda!

Niandike vizuri, nisije nikasahau jinsi nilivyokuwa mjanja. Mzee Noordin ni Mwismailia wa Tanga, alifiwa na mkewe, Parin, mwaka juzi. Ana fremu ya duka hapa mtaani kwetu Agincourt, huku ughaibuni, iko tupu. Mimi naitaka kwa mgahawa wa chapati na maharage. Moïse, Mkongomani wa nyumba ya jirani, anaitaka kwa saluni ya kunyoa. Mzee bado hajaamua. Tazmin, binti yake, anakaa ghorofa la North York ambalo haliruhusu mbwa. Niliposikia hivyo, nilikuwa mlangoni kwa Mzee kabla Moïse hajavaa hata buti.

Mbwa anaitwa Kachori. Parin ndiye aliyempa jina, maana utotoni alikuwa mviringo hivyo hivyo. Sasa ni mzee, manyoya mafupi, ananuka kama sweta la zamani. Mzee alinishika mkono akasema, "Silvanus, huyu ni mbwa wa ndani bwana. Parin alikuwa anamfunika shuka."

Nikamjibu, "Mzee, atalala ndani kuliko mimi."

Jibu zuri sana lile.

Jumapili, 18 Januari

Unga!

Kachori alilala chini, chumba cha kufulia. Ndimo ninamoweka magunia ya unga wa mgahawa. Asubuhi nashuka, gunia limepasuliwa, sakafu nyeupe, mashine nyeupe, mbwa mweupe. Anatikisa mkia, vumbi linapanda hadi kwenye taa. Asumpta, mke wangu, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema suluhisho ni rahisi, hamisha unga.

Nihamishe unga! Unga ni mtaji. Nimehamisha mbwa.

Nitamjengea kibanda nyuma ya nyumba. Kwetu Songea mbwa wote wanalala nje na sijasikia hata mmoja akilalamika. Asumpta kasema Songea haina Januari ya huku. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazoea kusema maneno machache yakaingia.

Kuhusu ahadi: kibanda nacho kina ndani. Akiwa ndani ya kibanda, yuko ndani. Nimelipima neno langu kwa Mzee na halijavunjika.

Jumatatu, 19 Januari

Nimejenga! Plaiwudi tupu, kubwa, naingia mwenyewe kwa magoti. Madirisha mawili. Mlango nimeuelekeza uwanja wazi ili Kachori apate mandhari. Ndani nimetandika mablanketi mazito, pamoja na lile la mama mkwe. Asumpta hajui.

Moïse akachungulia juu ya uzio. Aliwahi kufanya kazi kwenye shamba lenye mbwa huko Québec, kwa hiyo anajiona profesa. Akasema kibanda ni kikubwa mno, mbwa hupasha nyumba moto kwa mwili wake, hili pango hataliweza. Akasema mlango unatazama upepo. Akasema sakafu niinyanyue kwa matofali, mlangoni nining'inize kipande cha zulia, na mablanketi niyatoe, yatanyonya unyevu yagande. Badala yake nijaze mabua makavu ya ngano. Halafu akamalizia, "Lakini, mon frère, ndugu yangu, huyu ni mzee na hana manyoya. Hata ukimjengea ikulu, baridi hii si yake. Mwingize ndani."

Nilimshukuru kwa ubaridi. Mchezo wake niliusoma palepale. Nimlaze mbwa wa Mzee kwenye mabua kama mbuzi, kisha yeye apige picha ampelekee Mzee hospitali! Thubutu!

Picha nimetuma mimi. Nilimwingiza Kachori, nikamkalisha kwenye kochi, nikampiga picha, nikamtoa. Mzee kajibu kwa alama ya moyo. Moyo mmoja mwekundu tu. Sijui kwa nini nimeufungua mara nyingi leo kuutazama.

Jumatano, 21 Januari

Maji ya bakuli yameganda. Nikaweka ya moto. Yakaganda. Kachori analamba barafu kama koni.

Nimevuta blanketi la mama mkwe nilikung'ute. Likatoka gumu kama bati. Nimeliegemeza ukutani, limesimama lenyewe.

Kachori ana mtindo mpya, ananyanyua mguu mmoja, anashusha, ananyanyua mwingine. Nikajua anacheza. Nikamrekodi. Nikamwonyesha Asumpta nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alitoka nje na kandambili, akambeba yule mbwa mzima mzima mpaka jikoni. Akamwosha nyayo kwa maji ya vuguvugu, akitoa katikati ya vidole chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, akamkausha kwa taulo letu zuri. Akasema, "Baba Wema, huyu hachezi. Anaungua." (Wema ni binti yetu, yuko chuoni Ottawa. Asumpta akiniita hivi kwa sauti ya chini, ni vibaya.)

Kachori akalala miguuni pake mpaka alipoondoka kwenda zamu. Nami nikamrudisha kibandani, nikamfunga kamba.

Ningeweza kumwacha pale jikoni. Lakini kutoka dirishani kwake Moïse anaona kila kitu, na angeona kibanda kitupu, na angejua alikuwa amesema kweli. Hiyo ndiyo sababu. Nimeiandika na haipendezi.

Nimemnunulia sweta. Kalilowesha kwenye theluji, likaganda mwilini. Sasa anatembea kama mzee Noordin.

Ijumaa, 23 Januari

Redioni wanatangaza baridi kali inakuja, watu wasiache wanyama nje. Nikasema moyoni, wanasemea wanyama wasio na kibanda.

Mzee kapiga simu. Nyonga imekwenda salama. Sauti yake ndogo. Akauliza Kachori yuko wapi. Nikasema yuko hapa karibu nami. Kweli kabisa, tulitenganishwa na kioo tu.

Akasema, "Hebu mwekee simu sikioni."

Ikabidi nitoke na sapatu. Nikapiga magoti kwenye theluji, simu kwenye sikio la mbwa. Mzee akaanza kumsemesha, Kiswahili kimechanganyika na Kikachi, lugha ya kwao, maneno ya kubembeleza mtoto. Kachori akalia. Si kubweka, kulia. Mzee akaniuliza ana nini. Nikasema furaha.

Miguu yangu haikuvumilia. Nilikimbia ndani nikaiweka kwenye tundu la hewa moto, nikaisugua, nikalaani. Na Kachori, kule nje, alikuwa anakitazama kile kioo. Nikamwongezea blanketi.

Mungu wangu, nilimwongezea blanketi.

Jumamosi, 24 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asumpta alikuwa zamu. Mimi nikaenda North York kwenye sherehe ya ubatizo, Watanzania wengi, nikajisemea nitakaa kidogo tu nieleze watu habari za mgahawa. Pilau ilikuwa nzuri. Watu walisikiliza. Mmoja akauliza kama nitauza na sambusa. Nikakaa. Theluji ikazidi, barabara zikajaa, basi halikuja.

Narudi, jua linazama. Theluji imeingia kwa mlango wenye mandhari, imejaa mpaka dirishani. Nikachimba kwa mikono. Hakuna mbwa. Kamba imetafunwa.

Nilikimbia mtaa mzima nikiita, "Kachori! Kachori!" Mama mmoja wa Kigujarati akafungua mlango akaniuliza nauza bei gani. Nikaendelea kukimbia. Machozi yaliganda kwenye kope, jicho moja likagoma kufunguka. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomwambia Mzee. Nilitunga uongo wa aina nyingi njiani, na hata mimi sikuuamini hata mmoja.

Mlango wa Moïse ukafunguka. Akasema, "Kaka Silvanus, yuko hapa."

Kachori alikuwa mbele ya jiko, amefungwa mataulo ya kinyozi, pua tu iko nje. Anatetemeka. Moïse akaeleza taratibu: alisikia analia, kisha akasikia kimya, na kimya ndicho kilichomtisha. Akagonga kwangu, hakuna mtu. Akaruka uzio. Alimkuta kona ya kibanda, kamba mdomoni, hana nguvu ya kutoka.

Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Alinipa kiti. Ningependa angenicheka.

Jumapili, 25 Januari

Kwa daktari wa wanyama. Dokta Naheed, mpole, mikono ya haraka. Nyayo zitapona. Ncha ya sikio la kushoto iliganda, nyama imekufa, kaikata. Akauliza mbwa amekuwa akilala wapi. Nikaanza kueleza habari za plaiwudi na madirisha. Asumpta akanikatiza, akasema, "Nje, dokta."

Nilimshika Kachori wakati anafungwa bandeji. Alinilamba mkono. Mimi! Ningemwelewa kama angeniuma.

Sasa analala chumba cha kufulia, kajikunja karibu na mashine ya kukaushia. Unga nimeuhamishia kibandani. Jioni nimechungulia. Theluji imeulowesha wote, umekuwa saruji. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 1 Februari

Mzee amerudi nyumbani. Leo ndiyo siku ya kumrudishia mbwa.

Nilikuwa na mpango. Nilikata soksi ya sufu ya Asumpta, nikashona kofia, nikamvalisha Kachori mpaka nyusi. Mzee aone mbwa mwenye joto, aliyetunzwa. Sikio likipona nitasema alizaliwa nalo hivyo. Asumpta alinitazama nikishona, akatikisa kichwa, akachukua soksi iliyobaki akaondoka nayo.

Mzee alikuwa kitini, fimbo ya kutembelea pembeni. Kachori alimwendea huku anaburuta makucha, akaweka kichwa mapajani pake. Mzee akacheka, akavua ile kofia ili amkune.



Akalishika sikio kwa vidole viwili. Akasema, "Parin alikuwa analishika hili akiangalia tamthilia. Hili hili la kushoto. Alikuwa analikunja, analikunjua."

Nilisema, "Mzee…"

"Ulinitumia picha yuko kwenye kochi."

"Ndiyo, Mzee."

"Nikawaonyesha manesi wote."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata viatu sikuvifungua kamba. Badala yake akasukuma kikombe upande wangu. "Kunywa, Silvanus. Chai inapoa." Nikainywa. Ilikuwa tamu, yenye iliki, na kila funda lilishuka kama jiwe.

Alijua tayari kuwa namdanganya. Si kwa Moïse, maana nilimuuliza mlangoni kwake na akaapa hakusema neno. Ni Kachori aliyemwambia siku ile kwenye simu. Mzee alisema mbwa wake hajawahi kulia kwa furaha hata siku moja. Alijua, yuko kitandani na nyonga mpya, hawezi kuinuka. Alimwomba Tazmin apite kuangalia. Theluji ikamzuia njiani.

Fremu amempa Moïse. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Nilipotoka, Kachori alinisindikiza mpaka mlangoni.

Jioni nimebomoa kibanda. Kila ubao nilioung'oa nilisikia ule mlio wa kwenye simu. Asumpta akaja na jaketi lake, akanisaidia. Nimemwambia najuta. Akasema anajua. Nimemwahidi kwamba tangu leo nikielezwa jambo na anayelijua, nitasikiliza.

Nimeandika ahadi hii kwa wino mweusi, kwa moyo wote.

Jumanne, 3 Februari

Habari njema! Leo nimekutana na Mama Dolat, mkazi wa Unionville, pale duka la viungo. Ana jiko kubwa la kupikia vyakula vya harusi, na wiki ijayo anasafiri Dar kwa mwezi mzima. Jiko linakaa bure! Ila bustanini kwake kuna bwawa la samaki wakubwa wa rangi ya dhahabu, wanaishi chini ya barafu majira yote ya baridi. Anatafuta mtu wa kuhakikisha tundu la kupumulia halizibi.

Hakuwa amemaliza sentensi. Nikamwambia amempata, mimi nina uzoefu wa kutunza wanyama wakati wa baridi.

Akanieleza mambo mengi. Kuna mashine ndogo ya joto, isizimwe. Na tundu likiziba nisithubutu kuligonga kwa nyundo, mshindo unaua samaki, niweke sufuria la maji moto juu ya barafu liyeyushe taratibu. Eti sufuria! Nikae nje kwenye baridi nikipikia barafu? Mama wa watu ana huruma nyingi lakini barafu haijui. Samaki wako chini kabisa, watasikia nini?

Asumpta ameniuliza naenda wapi na nyundo. Nimemwambia naijaribu tu uzito.