Pembe za Guracha kwenye Pikipiki ya Jarso

Jumatatu, 3 Septemba 1956. Garsen.

Mwanangu Jarso karudi kutoka Madogo kapindika kama ndoana. Tarishi wa ofisi ya mifugo! Pikipiki kubwa, inasikika ng'ambo ya mto! Lakini usukani wake mfupi. Anailalia kama anayekunywa maji kisimani. Mgongo unamuua, anasimama njiani kujinyoosha, barua zinachelewa. Mzungu wa ofisi kasema akichelewa tena Ijumaa, kazi na pikipiki apewe Dida. Dida! Mtoto wa jirani yangu Hawo, anayeogopa hata punda. Haiwi. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu. Nitamchagulia mwanangu usukani mrefu mwenyewe.

Jumanne, 4 Septemba.

Kwa Fundi Katana, anayetengeneza baiskeli sokoni. Nikampandisha Jarso, nikampima: mgongo wima, viwiko vilegee, ngumi karibu na mabega. Katana akapinda bomba. Refu mno! Jarso akapita sokoni mikono juu, makwapa nje. Hawo akauliza kwa sauti eti kijana wangu kakamatwa na polisi gani. Hata muuza tumbaku alicheka. Bomba nimerudisha. Sikulia. Vumbi tu.

Jumatano, 5 Septemba.

Nimepata! Pembe za Guracha, dume letu jeusi lililoongoza kundi kwenda mtoni. Mwaka jana lilinasa kwenye tope la kivukoni, likafa kabla ya kuchinjwa. Kimo sawasawa, zimejikunja kama zinazokwambia shika hapa. Mume wangu Guyo alizifukia langoni pa zizi. Alisema pembe za dume kiongozi hazitoki nyumbani, ng'ombe wasije wakakosa pa kurudi. Lakini Guyo yuko Ndera kwa ndugu yake, na aliyekufa hana haja ya pembe. Nikafukua. Zilikuwa na joto. Jua, nadhani. Ingawa zilikuwa chini sana.

Katana hakutaka. Alisema pembe ya mnyama asiyechinjwa yeye hafungi kwenye kitu chenye safari. Nikamwambia afunge waya, hadithi awawekee wajukuu. Akafunga bila kunitazama.

Jarso alipokaa, mashallah! Wima kama chifu kitini. Hawo akaona, akanyamaza. Tangu nimjue, mara ya kwanza.

Alhamisi, 6 Septemba.

Alfajiri ng'ombe hawakulia. Nikatoka. Wote wako nje ya zizi, wameizunguka pikipiki, vichwa chini, kimya. Hata ndama hawanyonyi. Pembe zimelowa, zina tope nchani. Jarso akauliza tope limetoka wapi. Nikasema umande. Hawo nimemwambia ng'ombe wetu wanajua heshima.

Jioni Jarso kalalamika pikipiki inavuta kulia. Kulia ni mtoni. Nikamwambia ashukuru, mgongo je? Akakiri mgongo hauumi. Basi!

Ijumaa, 7 Septemba.

Siku yenyewe. Jarso kawasha. Mngurumo ulikuwa na pumzi katikati. Ng'ombe wakainua vichwa pamoja, wakamfuata. Bila mchungaji, mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyomfuata Guracha. Msafara! Nilijivuna, nikakimbia nyuma yao nikipiga vigelegele.

Penye njia panda, Madogo ni kushoto. Mwanangu akavuta kushoto, nilimwona, mishipa ya shingo imemsimama. Pikipiki ikaenda kulia. Taratibu, kwa mwendo wa dume. Ikateremka kivukoni, pale pale penye tope. Vigelegele vikanikauka. Nikapiga kelele aruke. Akaruka, mfuko wa barua begani.

Ikaingia majini yenyewe. Injini haikuzima hadi zilipobaki pembe tu. Zikageuka polepole, kama mtu anayetazama nyuma kuhesabu watu wake. Kisha maji. Ng'ombe wakanywa pale pale, bila hofu ya mamba.

Jumapili, 9 Septemba.

Mwanangu yu mzima, alhamdulillahi. Kazi kapewa Dida. Jarso kasema atachunga ng'ombe, na kitu chenye magurudumu hapandi tena. Ng'ombe wenyewe hawaingii zizini. Wanalala nje, wameelekea mtoni. Guyo karudi, kaliona shimo langoni, kauliza. Nikasema fisi.

Jioni Hawo kaja na maziwa kunipa pole. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Akaninong'oneza kwamba Dida ataletewa pikipiki nyingine kutoka Mombasa, na usukani wake ni mfupi kuliko ule, na kwa kweli Jarso alivyokaa siku ile hakuna kijana Garsen aliyewahi kukaa vile. Akaniita dada yangu, akauliza kama ningeweza kumsaidia kuchagua.

Dada yangu! Ningekataaje? Nani mwingine anajua mambo haya?

Nimewaza, nimeona kosa. Tulitumia dume. Dume lina kiburi. Inatakiwa pembe ya jike, mpole, aliyezaa. Dima, ng'ombe wetu mwekundu, anakohoa tangu juzi. Nimempima pembe kwa upindo wa leso yangu: kimo ndicho. Alisimama kimya, akanitazama muda mrefu bila kupepesa.

Naona kakubali.