Faili Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji ya matope. Kuopio nzima, hapa Finland, ina rangi ya uji uliopoa. Mimi hata hivyo nina furaha. Nina mpango!

Jengo letu lina sauna moja, chumba cha kuogea mvuke, kule chini, na zamu zake hupangwa na kompyuta ya chumba cha wakazi. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo huwasha jiko la sauna zamu ikifika. Mtunzaji wake ni Bi Hilppa Kanervo wa ghorofa ya pili, daktari wa meno mstaafu. Ajabu ya Mungu, zamu ya Jumamosi jioni, tamu kuliko zote, kila mara humwangukia Hilppa. Mimi Ilmo, niliyeyavalisha madirisha ya mji huu mapazia ya duka langu, nimetupiwa Jumanne mchana. Nani anaingia sauna Jumanne mchana?

Basi nimejitolea kuisafisha kompyuta, ambayo kweli imekuwa nzito kama konokono mjamzito. Wakazi watanishukuru. Kwenye mkutano watanichagua mtunzaji. Jumamosi itakuwa yangu.

Hilppa kanipa ufunguo. Akasema, "Vumbi la nje, Ilmo. Ndani usiguse."

Wivu huo!

Jumanne, 11 Novemba

Nimegusa ndani.

Kuna mchezo wa karata humo. Hilppa huucheza akisingizia anapanga zamu; nimemwona kupitia dirisha. Nikaamua kuanza na huo. Nilipouondoa, kompyuta ikauliza: faili hili huenda linatumiwa na programu nyingine, je, nalo liondoke? Jina lake ni herufi na tarakimu tupu, kama dawa ya kikohozi. Halina picha. Ukilibonyeza halifunguki. Faili lisilo na kazi wala mwenyewe! Nikajibu ndiyo. Ikauliza juu ya jingine. Ndiyo. Kisha nikagundua kitufe cha "Ndiyo kwa yote". Aliyebuni kitufe hicho tungeelewana sana.

Nikamwaga na kapu la taka. Nikazima kompyuta. Zamu yangu ya sauna imenipita, lakini kazi kwanza. Nimerudi nyumbani nikijihisi nimepungua uzito mimi mwenyewe. Mke wangu Tuovi kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni afya.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa dogo.

Watu wa ghorofa ya kwanza wameshuka na taulo zao, wakakuta jiko la baridi. Nikakimbilia kompyuta. Programu ya sauna haifunguki! Inatoa kijisanduku kinachosema haiwezi kuanza kwa sababu kuna faili halipo, na mengine ambayo sikuyasoma. Chini kuna kitufe cha "Sawa". Nikabonyeza Sawa. Kijisanduku kikatoweka. Nikafungua tena. Kikarudi. Sawa. Kikarudi. Sawa! Hakuna kilichokuwa sawa.

Kwenye ngazi nikakutana na mzee Eevertti. Jumamosi anatimiza miaka tisini. Alizaliwa saunani, kama watoto wengi wa vijijini enzi zile, na anataka aingie tisini yake humo humo, pamoja na jengo zima. Hilppa kamwachia zamu yake. Akaniuliza eti jiko lina shida? Macho yake yalikuwa kama ya mtoto anayengoja keki. Nikasema, "Shida gani, mzee? Jumamosi utaungua!"

Hilppa nikamwambia kompyuta inajisasisha. Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayeapa kwamba hupiga mswaki.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwanga! Intaneti ina watu wema. Nimekuta tovuti inayogawa bure mafaili yaliyopotea. Unaandika jina la faili lako, wanakupa. Sijui kwa nini dunia inalalamika.

Nimepakua. Faili likaja na wenzake. Sasa kuna kasuku kwenye skrini anayenitakia bahati njema, na dirisha jekundu linalonitangazia kwamba kompyuta ina virusi mia nne, tena linapiga king'ora. Programu ya sauna? Bado. Imebadilisha tu lugha: zamani ilisema faili halipo, sasa inasema faili lipo ila si sahihi.

Nalichukulia hilo kuwa ni maendeleo.

Tuovi kaniletea kahawa na maandazi ya iliki. Akamtazama kasuku. Akauliza kama ule ujumbe nimeusoma mpaka mwisho. Nikamjibu kwamba mume wake si mtu wa kusoma mpaka mwisho, ni mtu wa vitendo. Akasema hilo amelijua tangu harusini.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nikaja na ujanja mwingine. Nikachukua faili moja kutoka kompyuta ya nyumbani, lenye umbo kama la lile lililopotea, nikalipa jina la marehemu. Kumbe programu haidanganyiki kwa jina. Ni sawa na kumvalisha jirani koti la mumeo ukategemea atajua ulipo ufunguo wa gari. Kompyuta ikazima skrini. Ikawaka. Kasuku akaniambia bahati njema.

Nikageuka. Hilppa mlangoni, na Tuovi nyuma yake. Mke wangu wa ndoa kanisaliti!

Nikaanza kueleza habari za hitilafu ya umeme. Hilppa kanyanyua kidole. Akauliza jengo hili lina sauna ngapi. Nikasema moja.

"Na wanaoitumia?"

"Wote."

"Sasa wewe ukihama, utaondoka na jiko begani?"

Nikasema bila shaka sitaondoka nalo. Akasema basi ndivyo nilivyofanya. Yale mafaili yenye majina ya dawa ni maktaba ya pamoja: programu nyingi hukopa humo kazi zinazofanana, badala ya kila moja kujibebea yake. Nilipoufukuza mchezo wa karata, nikaufungashia na mzigo wa jirani yake.

"Nimeng'oa meno miaka mingi, Ilmo. Kwanza unatazama mzizi unakwenda wapi."

Tuovi akasoma ujumbe kwa sauti, mpaka mwisho. Mwishoni ulisema: isakinishe programu upya. Ulisema hivyo tangu Jumatano.

Wakamfukuza kasuku na takataka zote alizokuja nazo, wakaikagua kompyuta kwa programu ya kinga. Halafu Hilppa akatoa kabatini diski halisi ya programu ya sauna, akaisakinisha upya. Mafaili ya pamoja yakarudi kila moja mahali pake. Chini kwenye sauna jiko likanguruma. Mimi nilishika kikombe cha kahawa. Kila timu inahitaji mtu wa hivyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku njema kabisa!

Wanawake walitangulia, kisha sisi. Mzee Eevertti alikaa benchi la juu kabisa, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatupiga, akafumba macho. Kisha akasema, "Mama alikuwa peke yake siku ile. Mimi leo nina jengo zima." Jasho lilituingia machoni sote. Nasema lilikuwa jasho.

Baadaye, kwenye soseji na haradali, akasimama akanishukuru mimi mbele ya watu, kwamba nilimwahidi ataungua na kweli kaungua. Nikamtazama Hilppa. Angeweza kunimaliza hapo hapo. Akanyanyua glasi yake tu, akasema Ilmo kwa kweli aligusa kila kitu.

Mwanamke muungwana. Nikainama kidogo, kama inavyompasa mtu aliyeshukuriwa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimerudisha viti vya sherehe ghalani, chini kabisa ya jengo. Kwa utulivu mkubwa. Nikiwa huko nikasikia bomba likivuma ukutani. Nikalifuata. Lina gurudumu jekundu la kufungia, la zamani, lina kibandiko kirefu cha maandishi. Nikasoma neno la kwanza. Hakuna mtu karibu, hakuna ndoo, hakuna beseni. Maji yanapita humo mchana kutwa bila kumhudumia yeyote! Na hakuna aliyewahi kuliona ila mimi.

Nimelifunga. Kimya kizuri kikatanda.

Sasa nimeketi mezani naandika. Tuovi anapaza sauti kutoka bafuni, nadhani sabuni imemwingia machoni. Hilppa naye anapaza sauti huko juu. Na ghorofa ya tatu. Mlango unagongwa, jina langu linaitwa ngazi nzima.

Habari njema husambaa haraka. Ngoja nivae shati safi.