Orodha ya Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Rais anabadili baraza la mawaziri na wakubwa wa Ikulu! Majina yatasomwa redioni Ijumaa, taarifa ya saa saba, na wanaotupwa watasikia humo humo, kijiko mkononi. Ndiyo kawaida yake. Mimi, mshauri wake wa siasa, nimeamua Katibu Mkuu atupwe. Yule Mzee Mafaili! Leo kanisimamisha mlangoni nusu saa, eti anamtafutia Rais miwani. Nimemnong'oneza mhariri wa gazeti kwamba mzee anaondoka. Rais akisoma, atalizoea wazo.

Jumanne, 4 Machi
Ukurasa wa kwanza! Rais akacheka mpaka akakohoa. Akasema gazeti halimpangii kazi. Sasa mzee hang'oki hata akiomba. Mzee naye akaniuliza kwa upole kama nimelala salama. Mnafiki. Lakini nimegundua jambo: anayeandikwa haguswi. Basi na mimi niandikwe! Nimempigia mhariri tena. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Machi
"Mshauri wa Rais Kutimuliwa." Na picha yangu nikipiga chafya. Rais akasoma, akalikunja gazeti, akasema kiongozi mwema husikiliza wananchi mara mojamoja. Kwa nini mara yenyewe iwe hii? Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu anafunga vyombo. Nyumba ni ya serikali. Nikamwambia ni uvumi tu. Akajibu lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama mkwe amepiga simu: chumba kipo, kelele za mashine ya kusaga tutazizoea. Sijala tangu asubuhi. Naogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Saa saba. Mawaziri wanne chini. Kisha habari za michezo! Sikutajwa! Nimelia mbele ya mke wangu bila aibu. Naye akafungua sanduku, akatoa sufuria kwanza. Sijawahi kula wali mtamu hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Rais kaniita. Kumbe mhariri humpigia yeye kabla ya kuchapa lolote! Akasema wenye hila za kimyakimya ndio humnyima usingizi; hila zangu mimi huziona zingali getini, kwa hiyo nibaki. Mzee Mafaili akanimiminia chai, akitabasamu. Sifa kubwa hiyo kutoka kwa Rais! Nimetoka kifua mbele. Kosa lilikuwa gazeti tu. Yule mtangazaji wa saa saba ana sauti ya mtu anayetunza siri. Nimemwalika chakula Jumatatu.