Hanini wa Kwanza Mpanda Nzima

Alhamisi, 4 Julai 1996

Binti, hatimaye! Baada ya madume matatu. Kazaliwa jana mchana. Mke wangu Specioza mzima, mtoto mzima, sauti anayo. Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza redio kwa heshima yake.

Stanslaus, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, alinipa mkono wa hongera na papo hapo akauliza jina. Nikamwambia asubiri. Binti yake anaitwa Jeniveva, na miaka minne sasa hatupumui. Eti hakuna Jeniveva mwingine kutoka hapa hadi Tabora. Mkewe tena ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Lazima nimuwahi.

Tatizo ni Mayu, mama yangu, anayekaa Ugalla na kaka yangu na ng'ombe wao. Siku tulipomzika baba nilimwahidi, mbele ya ukoo mzima, kwamba binti yangu wa kwanza atakuwa somo yake. Ataitwa Minza, kama yeye. Ni jina zuri. Lakini sisi Wasukuma tumejaa huku, na ukiita Minza mnadani wanageuka wanawake kumi na ndama mmoja.

Ijumaa, 5 Julai

Nimelipata. Mzee Hilali wa Ikola, anayeleta dagaa sokoni, ana kitabu cha majina ya Kiarabu alichoachiwa na baba yake, mwalimu wa madrasa. Nilimtengenezea redio, nikamwomba jina ambalo hajasikia akiitwa mtoto yeyote wa pande hizi. Alilamba kidole, akafunua kurasa taratibu mno, mwisho akasema: Hanini. Amelisikia mara moja tu maishani, Ujiji, kwa bibi mmoja ambaye ameshafariki. Maana yake ni ile hamu inayomshika mtu kwa ajili ya aliye mbali naye. Alitaka kuendelea, kulikuwa na habari za ngamia, lakini nilishaondoka.

Specioza aliuliza sisi Wakatoliki Kiarabu cha nini. Nikasema kanisani tutaongeza Anna. Akauliza, na Mayu? Nikamwambia hilo aniachie mimi. Akageukia ukutani.

Jumapili, 7 Julai

Mayu amefika na lori la dereva Manyanda, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Kaleta kibuyu cha maziwa na uzi wenye shanga nusu. Ni shanga za kiunoni za somo yake. Anazitunga mwenyewe ingawa macho yamechoka, anaipapasa kila shanga kutafuta tundu.

Akampakata mtoto, akamwita Minza. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Badala yake nikasema mtoto anaitwa Hanini, na kwamba Hanini ndiyo Minza yenyewe kwa Kiarabu. Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, na likatoka vizuri.

Mayu akacheka. Kumbe hata Waarabu wana akina Minza, akasema. Alishinda akilitamka, Hanini, Hanini, huku akitunga. Jioni nilimsikia akimwambia jirani kuwa na yeye kuanzia leo aitwe Bibi Hanini. Kitu kilinibana kifuani. Nikadhani ni maharage.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepaka rangi ubao mpya: BABA HANINI, FUNDI REDIO. Herufi nyekundu. Stanslaus kapita kuusoma mara mbili, mara ya pili akijifanya anatafuta sindano. Kila mteja nimemweleza kuwa jina hili liko moja tu Mpanda nzima. Mpaka saa kumi soko lote lilikuwa linajua. Siku njema kabisa.

Mtoto ameanza kulia. Ananyonya, analia. Anabebwa, analia. Mayu kasema labda ni tumbo.

Jumatano, 10 Julai

Maafa! Mke wa Stanslaus kajifungua jana. Msichana. Jina: Hanini. Na nesi kaniambia, kwa furaha kabisa, kuwa wodini wako wengine wawili, mama zao walipitia kwangu wakausoma ubao. Siku mbili! Jeniveva kadumu miaka minne peke yake, Hanini wangu kadumu siku mbili, na aliyemtangaza ni mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu.

Lakini sikukaa bure. Nilimvuta Stanslaus pembeni, nikamwambia kwa huzuni kwamba nimekuja kugundua jina hili lina maana ya kilio, na asikilize mwenyewe mtoto wangu anavyolia tangu nimpe. Kaondoka akikuna shingo. Kwa hakika atalibadilisha. Akili ninazo, sema tu huwa zinachelewa.

Alhamisi, 11 Julai

Sijui niandikeje.

Stanslaus hakuniamini. Alimfuata Mzee Hilali sokoni, akamleta hadi uani kwangu aje aeleze mbele yangu. Mayu alikuwa kwenye mkeka na shanga zake.

Mzee alifurahi sana kuulizwa. Akaeleza kwamba si kilio cha msiba, Stanslaus asiogope. Ni hamu. Na asili yake, Waarabu wa jangwani waliita hivyo ile sauti ya ngamia jike anapomlilia mtoto wake aliyetenganishwa naye. Ngamia anasimama, anageukia upande alikoachwa mtoto, analia hivyo hivyo mpaka usiku. Habari za ngamia ndizo hizo. Ningezisikiliza Ijumaa!

Mayu akamwuliza, kwa adabu, sasa Minza iko wapi humo ndani. Mzee akasema, dada yangu, Minza haimo, mimi kwenye Kiarabu sijawahi kuiona. Mayu akanitazama. Aliushika ule uzi katikati, akaufunga fundo ili shanga zisimwagike, akaufungia kwenye pembe ya kitenge.

Stanslaus aliaga haraka. Hata yeye aliona aibu, na aibu ilikuwa yangu.

Ijumaa, 12 Julai

Mayu kaondoka na lori la asubuhi. Kasema tu kwamba ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa. Alimbusu mtoto kichwani na kumwita kitoto, basi, bila jina. Nilimbebea kibuyu hadi stendi. Nilikuwa na maneno mengi njia nzima, na nilichoweza kusema ni kwamba barabara siku hizi ni nzuri. Naye akakubali kuwa ni nzuri.

Nilisimama pale mpaka vumbi la lori likatulia. Nimemkosea mama yangu, na nimemkosea kwa ajili ya fundi cherehani.

Jumapili, 14 Julai

Mtoto halali. Dawa ya tumbo imeshindwa. Kwetu mtoto asiyenyamaza huwa amekataa jina. Wanawake hukaa naye, wakataja majina ya ukoo moja moja, na lile analonyamazia ndilo lake. Mayu anajua hayo kuliko mtu yeyote. Alikaa hapa siku tano akisema ni tumbo, kwa sababu hakutaka kuniomba nimpe mtoto jina lake mwenyewe. Hilo nimelielewa leo, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika nepi.

Specioza aliwaita jirani wawili. Wakataja Hoka, analia. Wakataja Kabula, analia zaidi. Specioza akanitazama kwanza mimi, kisha akamwinamia mtoto na kusema, Minza.

Kimya. Kapiga miayo, kalala. Kalala mpaka saa tisa. Nikakaa mlangoni nikalia mimi badala yake.

Nimeapa mbele ya Specioza: uongo basi. Ubao nitaufuta kesho.

Jumamosi, 20 Julai

Ubao bado. Rangi ile haifutiki kirahisi.

Asubuhi hii Manyanda kaleta kifurushi kutoka Ugalla. Ndani mna shanga, zimekamilika, mpaka kifungo. Kapewa na maneno: Mayu anasema hizi ni za Hanini. Anasema mtoto ni wa baba yake na jina ni la baba yake, yeye amekubali. Tena anajifunza kulitamka vizuri ili akija asimtie mtoto aibu mbele za watu.

Specioza alimvalisha Minza shanga huku machozi yanamdondokea mtoto tumboni. Akasema lori linarudi leo, niende, nikamwambie Mayu kwa mdomo wangu kwamba ana somo yake.

Na kweli nilivaa viatu. Ila nikafikiri. Nikimwambia Mayu kwamba mtoto ni Minza, ataniuliza imekuwaje, na itabidi nianze mwanzo, Kiarabu, ubao, Stanslaus, yote. Na kule kaka yangu atakuwepo, na wake zake. Barua ni nyepesi zaidi. Nimeandika: Hanini anakusalimu, shanga zimemkaa vizuri. Mpango wenyewe ni rahisi. Mayu akija, mtoto atakuwa Hanini. Akiondoka, atakuwa Minza. Majirani nitawaelekeza mmoja mmoja, Stanslaus nitampa betri mbili anyamaze. Sioni tatizo litatokea wapi.

Specioza kaisoma barua, kanirudishia, kaingia ndani na mtoto.

Lori limeondoka saa tatu. Barua iko mfukoni kwa Manyanda. Kiti cha mbele, kando yake, kilikuwa kitupu.